Kwa nini tambarare ya Flevoland inakuchosha kuliko milima ya Marangu

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 43 na kilo 84. Nimekulia Marangu, baiskeli nimeendesha tangu utotoni kwenye vilima vya kwetu. Sasa naishi Almere, Uholanzi, na mwaka huu nimenunua baiskeli ya kuendeshea kwenye changarawe yenye tairi za milimita 40. Huwa nazunguka kama kilomita 80: napita juu ya tuta la Oostvaardersdijk hadi Lelystad, nakata Knardijk, halafu narudi kwa kupitia Zeewolde na msitu wa Horsterwold. Hakuna kilima hata kimoja. Lakini kilomita 20 za mwisho zinanimaliza kila mara. Miguu inagoma, mapigo ya moyo yanafika 165 huku kasi ni 19 tu, na kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kulia vinakufa ganzi hadi usiku. Tairi najaza upepo hadi kipimo cha bar 4.5 ili baiskeli iende vizuri. Asubuhi nakunywa chai na mkate, njiani nakula ndizi moja. Marehemu baba alikuwa na shinikizo la damu. Je, ni umri, ni moyo, au baiskeli ni nzito? Rafiki ananishauri ninunue nyepesi zaidi. Na kuna safari ya pamoja ya kilomita 120 mwezi wa kumi. Nijiandikishe?"*

Ndugu yangu, nianze na hilo la moyo kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Uchovu unaoueleza unaweza kabisa kutokana na upepo, tairi zilizojaa kupita kiasi na tumbo tupu, na nitaeleza jinsi gani. Lakini siwezi kukupima kutoka hapa. Umevuka miaka 40 na mzazi wako alikuwa na shinikizo la damu, kwa hiyo kabla ya safari ya mwezi wa kumi nenda kwa huisarts wako, yaani daktari wako wa familia, akupime, na umwambie wazi kwamba unajiandaa kuendesha baiskeli saa tano au sita. Ukiwa njiani ukahisi kifua kinabana, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo unaodunda bila mpangilio, au pumzi inakata wakati hujitumi sana, shuka kwenye baiskeli na upige 112, namba ya dharura. Usijikaze ufike nyumbani kwanza.

Sasa tuzungumzie njia yenyewe. Umesema hakuna kilima hata kimoja, ukimaanisha kwamba ilipaswa kuwa rahisi. Karibu kila mtu aliyelelewa milimani huja na imani hiyo, na ndiyo inayomponza.

Kumbuka barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu. Unapanda kwa taabu, unasimama juu ya pedali, unakaa, unabadilisha mshiko, jasho linakutoka. Halafu unageuza, na mteremko unakurudisha hadi Himo karibu bure. Miguu inapumzika, mgongo unanyooka, damu inarudi mahali palipobanwa na siti. Mlima una malipo yake. Polda, yaani ardhi tambarare iliyokaushwa kutoka majini kama hiyo ya kwenu, haina mteremko wa kukulipa. Ukiacha kunyonga, baada ya muda mfupi baiskeli inasimama, na juu ya changarawe inasimama mapema zaidi kwa sababu kila kokoto inakula mwendo wako kidogo. Mtu anayenyonga mizunguko 85 kwa dakika anazungusha pedali mara 5,100 kwa saa. Kwa saa nne ni zaidi ya mara 20,000, akiwa amekaa palepale, ameshika palepale, misuli ileile ikifanya kazi ileile. Kwa hiyo unachoka kwa kukosa mapumziko, hata kama hakuna hatua moja ya njia iliyokuwa ngumu kuliko Marangu.

Dawa yake inaanza na jambo dogo ambalo watu hulidharau: jitengenezee mapumziko ambayo ardhi haikupi. Kila baada ya dakika 10 hadi 15 weka gia nzito kidogo, simama juu ya pedali kwa mizunguko 20 hivi, nyoosha mgongo, kaa tena. Badilisha mshiko kila unapovuka daraja la mfereji, na mifereji huko kwenu haikosekani. Ukiona sehemu za siri nazo zinaingia ganzi, hilo ni onyo kwamba siti inabana neva na mishipa ya damu. Simama mara moja. Likijirudia, siti au mkao wako urekebishwe kabla ya safari nyingine.

Kisha kuna upepo, na hapa inafaa ujue umeketi juu ya ardhi gani. Flevoland, mkoa unaoishi, ilikuwa bahari. Ghuba ya Zuiderzee ilifungwa na tuta la Afsluitdijk mwaka 1932, kisha Waholanzi wakazungushia vipande vya ghuba hiyo matuta na kupampu maji nje. Upande wa mashariki ulikauka mwaka 1957, na upande wa kusini ulipo mji wako wa Almere mwaka 1968. Knardijk unayoipita ndiyo iliyotenganisha pande hizo mbili. Unapoendesha chini ya tuta, uko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari, kwenye sakafu iliyokuwa ya samaki, na hakuna mwinuko wowote wa asili wa kukukinga. Upepo unaovuma zaidi nchini humo hutoka kusini-magharibi.

Upepo wa mbele unauma kuliko watu wanavyokadiria. Tuseme unaenda kilomita 22 kwa saa na upepo wa kilomita 20 kwa saa unakujia usoni. Mwili wako unapambana na hewa inayokuja kwa kasi ya 42. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi hiyo, kwa hiyo unasukumwa nyuma kwa nguvu zaidi ya mara tatu na nusu kuliko siku tulivu, ingawa kompyuta ya baiskeli bado inasoma 22. Hapo utaelewa mapigo 165 kwa kasi ya 19. Ongeza kwamba hewa ya Almere siku ya baridi ni nzito kwa takriban asilimia 20 kuliko hewa ya Moshi mchana, kwa sababu ya mwinuko na joto la kule. Wenyeji wenyewe wanauheshimu upepo huu kiasi kwamba tangu mwaka 2013 wana mashindano ya taifa ya kuendesha dhidi yake: kilomita 8.5 juu ya Oosterscheldekering, kizuizi cha mawimbi ya dhoruba huko Zeeland, kwa baiskeli za kawaida zisizo na gia, na huitishwa tu dhoruba ikitabiriwa. Ukishindwa na upepo wa huko, hujawa mzee.

Wengine watakuambia, "Usijali, unachopoteza ukienda unakirudisha ukirudi." Si kweli, na hesabu ni fupi. Nenda kilomita 30 kwa kasi ya 20, rudi kilomita 30 kwa kasi ya 30. Umetumia dakika 90 na dakika 60. Wastani wako ni 24, wala si 25. Unakaa muda mrefu zaidi ndani ya shida kuliko ndani ya raha. Na upepo wa ubavuni, kama ule wa Knardijk, nao unakukwamisha bila kukulipa popote.

Mwelekeo wa mzunguko wako, kwa kweli, ni mzuri kuliko kuugeuza. Ukiugeuza utamalizia juu ya Oostvaardersdijk, uso kwa uso na upepo, maji upande mmoja na uwazi upande mwingine. Kosa liko asubuhi. Unatoka Almere kwenda kaskazini-mashariki upepo ukiwa mgongoni, kasi inapanda hadi 32, 33, unajisikia mwanariadha, unasukuma zaidi. Kilomita 25 za kwanza unazifanya kwa nguvu ambazo utazihitaji kutoka Zeewolde kurudi magharibi. Siku ya upepo wa mgongoni kasi iache ipande yenyewe, lakini pumzi yako ibaki ya mtu anayeweza kuongea sentensi nzima bila kukatisha. Ukianza kuongea kwa vipande, umezidisha. Pima kwa pumzi, kasi isikudanganye.

Bora zaidi, acha upepo uchague njia. Siku ya kusini-magharibi, elekea upepo unakotoka: vuka daraja la Hollandse Brug, pita Muiderberg, zunguka ngome ya Naarden iliyojengwa kwa umbo la nyota, fika mto Vecht, halafu rudi ukisukumwa. Upepo wa mashariki, ambao majira ya kuchipua huja mara nyingi, ndio wa kwenda Lelystad. Njia ya tatu ni kwenda na upepo moja kwa moja na kurudi kwa treni kutoka Lelystad. Baiskeli hupanda treni kwa tiketi yake nje ya saa za msongamano. Utabiri nao usome kwa akili: upepo wa hali ya hewa hupimwa mita 10 juu ya ardhi, hivyo chini unapoendesha huwa pungufu. Ila juu ya tuta unaukaribia wote, na ndiyo maana penye njia mbili, ya juu na ya chini upande wa nchi kavu, mtu mwenye busara hupita ya chini.

Msitu pia ni kinga. Horsterwold ulipandwa na watu baada ya ardhi kukauka, na ni miongoni mwa misitu mikubwa ya miti ya majani mapana katika kona ile ya Ulaya. Ndani yake upepo unakatika. Hapo ndipo pa kula na kupumua, badala ya kupiga mbio kwa furaha kwamba umepata ahueni.

Tairi sasa. Bar 4.5 kwa tairi ya milimita 40 ni nyingi mno, na hili peke yake linaeleza sehemu kubwa ya mateso yako, ganzi ikiwemo. Fikra yako inaeleweka: tairi ngumu haibonyei, kwa hiyo iteleze. Juu ya kioo ingekuwa hivyo. Lakini Flevoland una zege lililowekwa kwa mabamba, kila kiungo kinagonga. Una lami ya njia za baiskeli iliyoinuliwa na mizizi, changarawe, na nyasi za tutani. Tairi ngumu ikikutana na kokoto haiwezi kuimeza, kwa hiyo inainua baiskeli yote pamoja na kilo zako 84. Kuinuliwa huko kumetoka kwenye nguvu za miguu yako, na mwili unaposhuka nguvu hiyo haikusukumi mbele, inaishia kutikisa nyama, mgongo na viganja. Tairi yenye upepo wa kiasi hubonyea kuizunguka kokoto na kusonga mbele, nawe huinuki.

Kwa uzito wako, ukiwa na tyubu, anza na bar 2.5 mbele na 2.7 nyuma. Kwanza soma ukingoni mwa tairi kiwango cha chini na cha juu kilichochapishwa, usitoke humo. Tumia geji, kwa sababu kidole gumba hakiwezi kutofautisha bar 2.5 na 3.5. Endesha kipande kilekile cha changarawe, punguza bar 0.1, rudia. Ukihisi rimu inagonga jiwe au baiskeli inayumba kwenye kona, umeshuka sana, rudisha. Kuna gharama moja na sikufichi: tyubu yenye upepo mdogo ikigonga jiwe kali hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili. Ukitaka kushuka zaidi ya hapo, mwombe fundi akuwekee mfumo usiotumia tyubu, wenye maji ya kuziba matundu. Kwa changarawe ni fedha iliyotumika vizuri.

Vidole vyako viwili vimeniambia mengi. Neva inayohudumia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete hupita kwenye mfereji mwembamba chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo. Ukiegemea hapo kwa saa nne huku kifundo cha mkono kimekunjwa kwenda nyuma na tairi ngumu inapiga nyundo, neva inakasirika. Kushusha upepo wa tairi kutasaidia. Kisha chunguza kwa nini uzito umehamia mikononi. Je, pua ya siti imeinama? Kama ndivyo, unateleza mbele siku nzima na mikono inafanya kazi ya breki. Isawazishe. Je, usukani uko mbali au chini sana? Kaa na viwiko vilivyolegea. Kama huwezi kuinua viganja kidogo kutoka kwenye usukani bila kuanguka mbele, mkao ni mrefu mno kwako. Glavu zenye sponji husaidia kidogo, usizitegemee kama tiba.

Ganzi inayoisha jioni hiyohiyo inatoa nafasi ya kurekebisha mwenyewe. Ikibaki hadi siku ya pili au ya tatu, au ukiona vidole vinakosa nguvu, funguo inakuponyoka, huwezi kutanua vidole vyako, acha baiskeli na umwone huisarts. Neva iliyobanwa muda mrefu hupona polepole, na udhaifu wa misuli si wa kungojea. Kwa mkao, fiziotherapia Uholanzi unaweza kwenda bila barua ya daktari, lakini angalia bima yako ya nyongeza inalipa nini. Mwombe akutazame ukiwa juu ya baiskeli yako.

Chakula nitasema kwa kifupi kwa sababu jibu ni wazi: chai, mkate na ndizi moja kwa kilomita 80 ni njaa. Mtu wa uzito wako kwa mwendo wa wastani anatumia kilokalori 500 hadi 700 kwa saa, na sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ina kikomo. Ikikaribia kuisha, miguu inagoma na hata akili inanuna. Zile kilomita 20 zako ndizo hizo. Kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, ukianza ndani ya nusu saa ya kwanza kabla hujasikia njaa. Ndizi mbili zinakaribia gramu 50. Tende, andazi, chapati iliyokunjwa na asali mfukoni, vyote vinafanya kazi kama zile pakiti za dukani. Maji kunywa kama nusu lita kwa saa hata kwenye baridi, maana upepo hukausha jasho usijue limetoka.

Kuhusu baiskeli nyepesi, rafiki yako anafikiria Marangu. Uzito unauma unapoupandisha. Wewe na baiskeli yako mnakaribia kilo 95, ukipunguza kilo mbili ni kama asilimia mbili, na kwenye tambarare hata hiyo huisikii kwa sababu mshindani wako mkubwa ni hewa. Koti linalopepea mgongoni linakugharimu kuliko fremu ya chuma. Nunua koti linalobana, jifunze kukunja viwiko na kushusha kifua upepo unapokuwa mbele, na zinazobaki lipia kupimwa mkao.

Msituni na kwenye nyasi ndefu kuna kupe, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani. Ukimkuta, mng'oe mapema kwa kibanio ukimshika karibu kabisa na ngozi, usimpake mafuta wala kumchoma, uandike tarehe. Kwa miezi mitatu tazama kama pana doa linalopanuka. Vitabuni limechorwa kama duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi laweza kuonekana kama chubuko au kivuli cha zambarau au kahawia, na watu wetu hulipuuza. Ukiliona, au ukipata homa na maungo kuuma baada ya kuumwa, mweleze daktari habari ya kupe usisubiri akuulize.

Basi, kilomita 120? Kwa mwendo wa 21 ni karibu saa sita bila vituo. Rekebisha tairi, siti na chakula leo, kisha rudia mzunguko wako wa 80 kwa mpangilio mpya. Ukimaliza na pumzi yako na vidole vinahisi, ongeza kilomita 10 kila wiki mbili. Ukifika 100 bila ganzi, na daktari amekuruhusu, jiandikishe bila wasiwasi na ukae katikati ya kundi ambako hewa imeshapasuliwa na walio mbele. Kama ganzi bado ipo, waombe waandaaji njia fupi, au ukaungane nao sehemu ya mwisho.

Mwezi wa kumi ni mavuno ya viazi na viazisukari. Matrekta hutoka shambani na kumwaga udongo wa mfinyanzi barabarani, na ikinyesha unakuwa kama sabuni. Ukiona kibao cha *slipgevaar* (hatari ya kuteleza), punguza mwendo kabla hujafika kwenye tope, usikate kona wala kubana breki ya mbele ukiwa juu yake. Udongo ukinasa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likagoma, usilazimishe kunyonga utavunja kitu. Shuka, ukwangue kwa kijiti, uendelee.